Vinyota Katika Tangi la Maji ya Bahari: Kabla Hujanunua Dawa



Huenda wapo miongoni mwenu wanaojiuliza ni kwa nini watu wa elimu ya mlaji wameamua kutumia alasiri nzima kuzungumzia mnyama wa baharini asiyezidi upana wa ukucha, tena katika mji ulio zaidi ya kilomita 400 kutoka pwani ya Tanga, na mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Swali hilo ni halali. Jibu lake ni kwamba bahari imekwisha kupanda hadi huku kwetu. Katika kumbi za hoteli, katika vyumba vya kungojea vya zahanati, mikahawani na katika nyumba kadhaa za Njiro na Sakina, yapo matangi ya kioo yenye maji ya chumvi, samaki wa rangi na mawe yaliyoota matumbawe. Ni machache kuliko yale ya maji yasiyo na chumvi, lakini gharama yake ni kubwa, na mwenye tangi huku chini ya Mlima Meru mara nyingi hana wa kumuuliza isipokuwa yule yule aliyemuuzia. Hapo ndipo sisi tunapoingia.

Tuanze na lalamiko lililotufikisha hapa. Mama mmoja mwenye mkahawa mdogo alinunua tangi la lita 200 likiwa kamili: pampu, taa, hita, samaki wanne, kamba wawili na mawe yenye matumbawe laini. Mwezi wa tatu akaona kwenye kioo vidoa vyeupe vyenye miguu. Mara ya kwanza alihesabu vitano. Baada ya majuma machache vilizidi thelathini. Akampigia simu muuzaji, akaambiwa kwamba hao ni wadudu walao matumbawe, kwamba wakiachwa watamaliza tangi lote, na kwamba dawa ipo. Dawa ililetwa jioni ile ile, chupa ndogo isiyo na neno hata moja la Kiswahili. Siku ya pili kamba wote wawili walikuwa wamelala ubavu. Siku ya tatu matumbawe yalijikunja yasifunguke tena, konokono wakaanguka kutoka kwenye kioo, maji yakageuka rangi ya maziwa, na kabla ya juma kwisha samaki watatu kati ya wanne walikuwa wamekufa. Vidoa vile navyo vilikufa, ni kweli. Muuzaji alisema dawa imefanya kazi yake.

Tulipoisoma lebo ya chupa ile tuliona kwamba kiambato chake kikuu ni shaba. Shaba ni dawa ya haki kwa baadhi ya maradhi ya samaki, ikitumika kwa kipimo katika chombo cha pembeni, lakini kwa kamba, konokono na matumbawe ni sumu. Lebo yenyewe ilisema hivyo, kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo mmoja wetu alilazimika kuzisoma kwa lenzi. Ubaya mwingine ni kwamba mawe na mchanga hunywa shaba, kisha huiachilia kidogo kidogo kwa muda mrefu. Mama yule alipotaka kuanza upya hakuweza kuyaamini tena mawe aliyokuwa ameyalipia kwa kilo.

Sasa tumtazame mnyama mwenyewe, maana aliyehukumiwa kifo hakupewa nafasi ya kujitetea.

Si mdudu. Ni kiti cha pweza, jamaa ya wale wakubwa ambao mtu akitembea ufukoni Pangani au Bagamoyo, maji yakiwa yametoka, huwakuta wamelala mchangani na miguu yao mitano. Jina hilo la watu wa pwani ni zuri, lakini kwa hawa wa kwenye matangi ni kubwa mno. Pweza gani angekalia kiti cha sentimita moja? Katika mazungumzo haya tutawaita vinyota. Wataalamu huwaweka katika familia ya Asterinidae, na wafugaji wa samaki duniani wamezoea kuwaita wote Asterina, ingawa wengi wao ni wa jenasi nyingine za familia hiyo, na kuwatofautisha kwa jicho tu ni kazi ngumu hata kwa msomi.

Kinyota huja amejificha katika jiwe au chini ya kipande cha matumbawe. Rangi yake ni nyeupe, kijivu, au hudhurungi yenye madoa. Miguu yake haina mpango: mmoja ana minne, mwenzake ana sita, na mara nyingi mitatu ni mirefu na iliyobaki ni vichipukizi tu. Hilo si ulemavu. Ndiyo namna yake ya kuzaana. Kinyota hujigawa katikati, nusu moja ikaenda zake na nusu nyingine ikabaki, kisha kila nusu ikaotesha miguu iliyopungua. Kwa hiyo hahitaji mwenzi, na mmoja aliyeingia na jiwe anatosha kujaza tangi. Kwa hiyo pia anayemkatakata kwa wembe akidhani anamwua huenda anamsaidia kazi.

Chakula chake hasa ni utando wa mwani unaoota juu ya kioo na mawe, pamoja na mabaki ya chakula. Hula kwa kulitoa tumbo lake nje kupitia kinywa kilicho chini ya mwili, akalilaza juu ya chakula, akakimeng'enya hapo hapo. Ndiyo maana alipokaa usiku huacha alama ya mviringo iliyo safi, kana kwamba mtu amefuta kioo kwa kidole. Alama hizo zikionekana kwenye ule mwani mgumu wa rangi ya waridi unaopamba mawe, mwenye tangi hushtuka. Kwa kawaida mwani huo hurudi.

Tunasema basi kwamba katika matangi mengi kinyota ni mfagiaji. Lakini tusiwe mawakili kupita kiasi. Wapo wafugaji wengi, wa kuaminika, walioona aina fulani za vinyota zikikaa siku kadhaa juu ya matumbawe laini yanayoitwa zoanthidi, yale yanayofanana na vifungo vya shati vilivyopangwa pamoja, na vifungo hivyo vikasinyaa na kutoweka. Kwa hiyo lipo swali la kuuliza, na halihitaji maabara. Chukua tochi saa mbili baada ya taa za tangi kuzimwa, uangalie vinyota wako wapi. Wakiwa kwenye kioo na kwenye mawe matupu, waache wale. Wakiwa juu ya matumbawe ambayo jana yalikuwa yamechanua vizuri, na usiku wa pili na wa tatu wakawa pale pale, na asubuhi sehemu ile ikawa imefunga huku nyingine zimefunguka, basi hao ni walaji wa matumbawe na wanastahili kutolewa. Lakini ikiwa matumbawe yalikwisha kudhoofika kabla, kwa taa mbaya au maji mabaya, kinyota aliyekutwa juu yake amefika mazishini, hakuua. Tofauti hiyo ina thamani ya fedha, kwa sababu anayemlaumu kinyota hatayapima maji yake.

Hofu nyingi imetoka kwa jamaa mmoja mkubwa wa mnyama huyu. Katika miamba ya Tanzania Bara na Zanzibar yupo kiti cha pweza mwenye miiba mirefu yenye sumu na miguu mingi, zaidi ya kumi, ambaye kitaalamu huitwa Acanthaster. Huyo ni mlaji wa matumbawe kwelikweli. Mmoja aliyekomaa humaliza mita za mraba kadhaa katika mwaka, na wakija kwa wingi huacha mwamba mweupe kama mfupa. Katika hifadhi ya Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, walinzi wamekuwa wakiwatoa majini mmoja mmoja kwa mikono. Watu wakisoma habari hizo, kisha wakaona nyota katika tangi lao, huunganisha mambo mawili yasiyohusiana. Acanthaster aliyekomaa ni mpana kuliko sahani ya pilau. Hawezi kujificha katika jiwe la mkahawa.

Tumekwisha kuiona dawa ya shaba. Lipo kosa jingine ambalo ni la hatari zaidi, na tungependa hata mliosinzia mlisikie. Katika mkasa wa mama yule, kijana wake wa kazi alipendekeza mawe yatolewe yakachemshwe jikoni, ili kila kilicho hai ndani yake kife. Wazo hilo lina mantiki ya nyumbani. Ndivyo tunavyosafisha chupa za watoto. Alikuwa amekwisha kuweka sufuria jikoni pale mama alipomkataza, si kwa kuijua hatari, bali kwa sababu sufuria ilikuwa ya wateja.

Baadhi ya zoanthidi, hasa wa jenasi ya Palythoa, wana sumu iitwayo palitoksini, iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 kutoka kwa viumbe wa Hawaii. Ni miongoni mwa sumu kali kabisa za asili zinazojulikana. Kuchemsha hakuiondoi. Mvuke na matone madogo huibeba hewani, na walio chumbani huivuta. Kusugua jiwe kavu kwa brashi, kulipiga maji ya moto, au kulikata kwa msumeno kunaweza kufanya vivyo hivyo. Katika jimbo la Alaska, Marekani, wakuu wa afya waliandika visa vya aina hii vilivyotokea majumbani na dukani kati ya mwaka 2012 na 2014. Mwaka 2018, huko Oxfordshire, Uingereza, mtu aliyekuwa akishughulikia jiwe la tangi lake aliugua pamoja na familia yake, na waokoaji waliofika nyumbani nao wakapelekwa hospitali. Hao walikuwa wafugaji wa kawaida kama ninyi, wala hawakufanya jambo la ajabu.

Mfikirie jiko la Arusha mwezi wa Julai, madirisha yamefungwa kwa baridi, mama na watoto wamekaa karibu na moto. Kwa hiyo tunasema bila kupunguza neno: jiwe lililotoka katika tangi la bahari halichemshwi, haliokwi, haliingizwi katika chombo cha chakula, na halisuguliwi likiwa nje ya maji. Anayelishika avae glavu na miwani ya kukinga macho, na asilishike kabisa akiwa na kidonda mkononi. Mtu akianza kuhisi ladha chungu au ya chuma mdomoni, kikohozi, kifua kubana, homa yenye kutetemeka au maumivu ya misuli baada ya kazi hiyo, watu wote watoke nje wapate hewa, ngozi ioshwe kwa maji mengi, na mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja. Mkifika, iwe ni Mount Meru au hospitali nyingine yoyote, mwambieni daktari kwa maneno yaliyo wazi kwamba mgonjwa alikuwa anashughulikia matumbawe ya tangi la samaki. Daktari wa bara hana sababu ya kulibuni hilo mwenyewe. Bila kuambiwa atafikiria mafua au malaria.

Basi afanyeje mwenye vinyota wengi?

Kwanza awahesabu. Hili linaonekana kama mchezo, lakini ndilo litakalomwokoa asinunue chochote kwa hofu. Achague upande mmoja wa kioo, siku moja ya juma, saa ile ile ya usiku, aandike idadi. Idadi ikitulia kwa mwezi mzima, hakuna dharura. Ikipanda mfululizo, maana yake chakula kipo kwa wingi, na chakula hicho mwenye tangi ndiye anayekileta. Samaki wanne hawahitaji konzi ya chakula mara tatu kwa siku. Wape kile wanachokimaliza katika dakika mbili, na kilichoanguka chini ukitoe. Vinyota hawatafa siku ile ile, lakini hawatakuwa na sababu ya kuongezeka.

Pili, awatoe kwa mkono. Vifaa vinapatikana sokoni: kibano kirefu cha plastiki, kadi ya benki iliyokwisha muda wake, na mpira mwembamba kama ule wa kupitishia maji ya dripu. Usiku, vinyota wakiwa kwenye kioo, mmoja anasukuma taratibu kwa kadi na mwingine ananyonya kwa mpira hadi kwenye ndoo. Mpira huo uanze kutiririka kwa kujazwa maji, si kwa kuvutwa kwa mdomo. Tumekwisha kusema kwa nini. Wakitolewa kumi kila usiku kwa majuma matatu, tangi la lita 200 hubadilika kabisa. Waliotolewa watiwe katika kikombe cha maji yasiyo na chumvi, ambamo hawawezi kuishi. Tunakiri kwamba kazi hii inachosha, na hakuna anayeweza kuiuza katika chupa. Labda ndiyo sababu hakuna muuzaji aliyemtajia mama yule.

Tatu ni maji, na hapa watu wa Meru tuna mambo yetu wenyewe.

Kila mkazi wa maeneo haya anaijua floraidi. Volkano iliyoujenga mlima wetu imeacha madini hayo katika miamba, maji ya chemchemi na visima huyabeba, na meno ya hudhurungi ya wazee na watoto wetu ni ushahidi tunaotembea nao. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya upande huu hukizidi kwa mbali. Maji ya bahari yenyewe yana floraidi ya takriban miligramu 1.3 kwa lita, na chumvi ya matangi hutengenezwa kuiga bahari hiyo. Anayeikoroga chumvi hiyo katika maji ya kisima cha Meru anajumlisha kilichomo kisimani na kilichomo kwenye pakiti, pamoja na nitrati na fosfati yoyote iliyomo. Nitrati na fosfati hulisha mwani. Mwani hulisha vinyota. Wengi wanaotuuliza kwa nini vinyota wao hawapungui ingawa samaki wanalishwa kidogo, wana jibu katika bomba.

Linalofaa ni maji yaliyopita katika mashine ya kuchuja kwa utando, ile inayoondoa karibu kila kilichoyeyuka. Vituo vya kuuza maji ya kunywa vilivyo mitaani vingi hutumia mashine za namna hiyo, lakini muulize mwenye kituo kama baada ya kuchuja hurudisha madini kwa ajili ya ladha, na uombe kuonyeshwa kipimo cha vilivyoyeyuka. Chujio la mkaa wa mifupa, ambalo limesaidia familia nyingi katika mkoa huu kupunguza floraidi, lilibuniwa kwa ajili ya kinywa cha binadamu. Halikukusudiwa tangi la matumbawe. Maji ya mvua ya masika yanaweza kutumika, ila si yale yaliyotiririka juu ya bati: zinki ya bati na rangi yake ni adui wa viumbe hao kama ilivyo shaba.

Gharama yake tuihesabu pamoja. Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi kwa lita. Tangi la lita 200 basi linameza kilo 7 za chumvi siku ya kwanza. Ukibadilisha asilimia 10 ya maji kila juma, ni lita 20 na gramu 700 za chumvi, juma baada ya juma, maadamu tangi lipo. Muuzaji anayekutajia bei ya tangi bila kukutajia chumvi na maji yaliyochujwa hajakuambia bei. Tena chumvi ya mezani, hata iwe ya mawe kutoka pwani, haiwezi kushika nafasi ya ile ya matangi, kwa kuwa haina mchanganyiko kamili wa madini ambao matumbawe huyatumia kujenga mifupa yao. Na kwa kuwa usiku wa Juni hadi Agosti huku kwetu hushuka sana, wakati tangi linahitaji nyuzi 24 hadi 26, hita nayo hula umeme. Umeme ukikatika usiku kucha, hilo litakuwa tatizo kubwa kuliko vinyota elfu.

Mtatuuliza juu ya yule kamba wa kupendeza, mweupe mwenye mabaka ya zambarau au ya buluu, ambaye mtandaoni husifiwa kwamba hula vinyota. Yupo; kitaalamu ni Hymenocera picta, na Bahari yetu ya Hindi ni sehemu ya makazi yake. Sifa hiyo ni ya kweli kupita kiasi, kwani hali kingine isipokuwa viti vya pweza. Atawamaliza vinyota, kisha atakufa njaa, au itakubidi umnunulie kiti cha pweza mkubwa ale mguu baada ya mguu. Anayetaka kukupatia kamba huyo bila kukueleza mwisho wake anakuuzia mnyama wa kufa. Ukimwazima kwa rafiki na kumrudisha kazi ikiisha, hatuna neno.

Yapo machache ya kusema kuhusu ununuzi. Jiwe lenye matumbawe lina asili, na asili hiyo lazima iulizwe. Viumbe vya baharini havivunwi kiholela nchini: Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zimeweka shughuli hiyo chini ya leseni na vibali, na ndani ya hifadhi za bahari, kama ile ya silikanti ya Tanga, ipo Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Matumbawe magumu yakivuka mpaka, yawe yametoka Kenya au mbali zaidi, yanasimamiwa pia na mkataba wa kimataifa wa CITES. Muuzaji mwenye vibali hafichi karatasi. Asiye navyo atakuambia jiwe limetoka kwa jamaa yake Tanga, kwa bei nafuu. Na jiwe hilo, lililopasuliwa jana kwa mtaimbo, ndilo litakalokuja na wageni wengi kuliko vinyota.

Jiwe lolote jipya, hata la halali, likae kwanza kwa majuma manne katika ndoo yenye pampu na hita, ukilimulika kwa tochi usiku. Ndoo ni bei ndogo.

Ukiuziwa dawa, una haki ya kujua kiambato chake, kipimo, na viumbe inaowadhuru, kwa lugha unayoielewa. Muuzaji akikuambia kwamba haidhuru kitu, mwombe aandike hivyo nyuma ya risiti na kutia sahihi. Tumeona watu wakibadili maneno pale pale, kalamu ikiwa mkononi. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa, lakini sheria haisomi mawazo, inasoma karatasi. Mama wa mkahawa alikuwa na risiti ya mashine ya lile tangi. Ya chupa hakuwa nayo, maana ililetwa jioni na kijana wa bodaboda, na fedha ilitumwa kwa simu. Ujumbe wa malipo uliobaki katika simu yake ulionyesha kiasi na saa, lakini haukutaja kilichonunuliwa. Kwa bahati alikuwa hajaitupa chupa. Hatimaye muuzaji alikubali kumlipa samaki, kamba na mawe. Juu ya matumbawe walibishana, nayo hakulipwa.

Mwenye lalamiko la namna hii basi na aje na vitu vinne: risiti au ujumbe wa malipo, chupa yenyewe pamoja na lebo yake hata ikiwa tupu, picha za tangi kabla na baada zenye tarehe, na maji ya tangi kiasi cha nusu lita katika chupa safi ya plastiki iliyofungwa vizuri, ili shaba iweze kupimwa. Maji yaliyobaki msiyamwage mgombani, kwa kuwa chumvi itaua shamba, wala katika Mto Themi. Na wenye matangi ya maji yasiyo na chumvi, konokono wasiowataka wasiende kuwaachilia Ziwa Duluti. Huko Mwea, Kenya, konokono wa Amerika ya Kusini aitwaye Pomacea aligunduliwa katika mashamba ya mpunga mwaka 2020, na wakulima wangali wanahangaika naye.

Tumeweka mezani, mkono wa kulia, chupa mbili za kioo. Ya kwanza ina vinyota saba walio hai kutoka katika tangi la mmoja wetu. Mnaweza kuwahesabu miguu, na mtaona kwamba hakuna wawili wanaolingana. Ya pili ina kipande cha zoanthidi katika maji yake, nayo imefungwa kwa gundi kusudi. Piteni kwa zamu, wenye watoto watangulie, na chupa ya pili isiguswe.